Kubuni na Kusanifu: Majina ya Vyumba katika Ramani ya Mwanafunzi

Lugha yetu ina vitenzi viwili ambavyo katika mafunzo ya ujenzi aghalabu huchanganywa. Kubuni ni kuzua wazo ambalo halikuwako; kusanifu, neno tulilolipata katika Kiarabu, ni kulipanga wazo hilo na kulitengeneza kwa ustadi. Mwanafunzi hubuni kwa siku moja, kisha husanifu muhula mzima. Katika kazi hii ya pili majina yana nguvu kuliko tudhanivyo.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyeambiwa achore nyumba ya jamaa moja kwa kufuata mawazo ya nyumba za mawe za Lamu. Ramani yake ya kwanza ina vyumba vilivyopangwa kandokando ya ujia, navyo vimeandikwa: sebule, chumba cha kulala, jiko, choo. Majina hayo yaeleza kazi ya chumba, wala hayaelezi nani aruhusiwa kufika wapi. Majina ya Lamu yaeleza hilo hasa. Mgeni hukaa dakani, penye baraza za mlangoni; akikaribishwa hupita tekani, na njia imepindishwa makusudi ili mpita njia asichungulie; kisha hutokea kiwandani. Mbele yake kuna msana wa tini, msana wa yuu, na baada ya hapo ndani, penye faragha ya wenyewe. Hata sakafu hupanda kadiri mtu aingiavyo.

(Msomaji asishtuke kwa neno kiwanda. Katika Kiamu nd husimama mahali pa nj ya Kiunguja, kama ndia na njia. Kiwanda hiki ni kiwanja, hakina mashine.)

Mwanafunzi akiyatia majina haya katika ramani ya pili, ujia wake hauna kazi tena, maana vyumba vimekuwa mfululizo. Ugumu uko katika ramani ya tatu. Vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, kwa kuwa boriti za mikoko haziwezi kuvuka nafasi ipitayo mita 3 hivi. Anayejenga kwa zege hana kizuizi hicho. Je, wembamba ule ni sehemu ya wazo, au ni amri ya boriti tu? Mimi naona ni amri ya boriti: upana na uongezwe, mfuatano ubaki. Fundi mwingine aweza kunipinga kwa haki, lakini ubishi huo hauna pa kuanzia katika ramani iliyoandikwa “sebule” basi.