Faida ya Kukaa Bila la Kufanya

Fungueni madaftari yenu, lakini kalamu ziwekeni chini kwanza. Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo huenda likawashangaza: faida ya kukaa bila la kufanya, mpaka moyo ukachoka. Vijana wa mjini huiita hali hiyo "kuboeka".

Najua mtauliza, "Je, Afisa Elimu ameanza kutufundisha uvivu?" Sivyo. Tulipopata Uhuru mwaka 1961 wito wetu ulikuwa "Uhuru na Kazi", na wito huo ungali mwema. Mkono mtupu haulambwi. Basi tutenganishe mambo mawili. Mvivu ana kazi mbele yake, naye anaikimbia. Mtu aliyechoka kwa kukosa la kufanya anataka kazi, ila kwa saa hiyo hanayo. Anangoja zamu yake mashineni, au maji kisimani, au basi la kwenda Kondoa. Mvivu hatafuti kitu. Huyu wa pili ana njaa ya kitu, nayo ni njaa ya akili.

Njaa ya tumbo humtuma mtu kwenda kutafuta chakula. Njaa ya akili nayo humtuma mtu kuwaza, kukumbuka na kubuni. Lakini mtoto mwenye njaa ukimpa pipi, ugali hataki tena. Siku hizi pipi ya akili ni simu ya mkononi. Tukingoja dakika 2 tu, mkono umekwisha kuingia mfukoni. Simu ni chombo chema. Hutuletea habari, na hata fedha kutoka kwa mtoto aliye mbali. Lakini ikiijaza kila nafasi ya siku, akili haipati saa ya kujitafutia chakula chake.

Wataalamu wamelijaribu jambo hili. Mwaka 2014 huko Uingereza, Sandi Mann na Rebekah Cadman wa Chuo Kikuu cha Central Lancashire waliwapa watu kazi ya kuchosha sana. Kwa dakika 15 watu hao walinakili namba za simu kutoka katika kitabu. Kisha waliulizwa: vikombe vyepesi vya kutupwa vyaweza kutumika kwa mambo gani? Waliokuwa wamechoshwa walitaja matumizi mengi kuliko wenzao ambao hawakuchoshwa. Akili ikikosa la kutazama nje, huanza kutembea ndani yake yenyewe.

Lakini si rahisi kuivumilia hali hiyo. Mwaka huohuo, Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, pamoja na wenzake, waliwaweka watu mmoja mmoja chumbani kwa dakika 15. Mle chumbani hapakuwa na la kufanya ila kuwaza. Palikuwa na kitufe tu, ambacho mtu akikibonyeza hupigwa na umeme kidogo. Wanaume walikuwa 18, na 12 kati yao walijipiga umeme. Wanawake walikuwa 24, na 6 kati yao walifanya hivyo. Tazameni! Watu wazima waliona heri maumivu kuliko kukaa na mawazo yao wenyewe.

Sasa turudi kwetu Ugogo. Mchungaji hushinda porini na ng'ombe tangu asubuhi mpaka jioni. Saa ni nyingi, na wa kuzungumza naye ni wachache. Saa kama hizo humfaa anayejifunza kuimba au kupiga zeze na ilimba. Ilimba ni sanduku la mti lenye vyuma vinavyochezwa kwa vidole gumba, na mtu haijui kwa siku moja. Marehemu Hukwe Zawose alilelewa Doima, katika Mkoa wa Dodoma. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, na sauti yake na ilimba yake vikasikika mpaka Ulaya. Alifariki mwaka 2003. Sisemi kwamba kila mchungaji atakuwa Zawose. Nasema kwamba ufundi wa namna hiyo wataka saa ndefu zisizo na kelele za kuuvuruga.

Mkulima naye anazihitaji saa hizo. Mvua yetu ni ya msimu mmoja. Akosaye mbegu hangoji mwezi, hungoja mwaka. Kiangazi, kazi za shamba zikipungua, keti chini ya mti bila redio wala simu. Mwanzoni utaona uchovu. Usiondoke. Baadaye maswali yatakuja yenyewe. Mahindi yalipokauka, mtama ulisimama? Panya waliingia ghalani kwa njia gani? Tuuze debe ngapi, tubakize ngapi? Maswali hayo hayamjii mtu ambaye masikio yake yamejaa.

Lakini tuulize jambo moja zito. Nani nyumbani hupata nafasi hiyo? Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi hata saa 12 au 14 kwa siku, na wanaume wengi hukaa likizo nusu ya maisha yao. Baba akiketi chini ya mbuyu huku mama anachota maji, anatwanga na kupika, hiyo siyo faida tunayoisema. Hiyo ni dhuluma. Baba na abebe ndoo, ili mama naye aketi. Mama naye ana akili yenye njaa.

Na mtoto akilalamika, "Mama, sina la kufanya," msikimbilie kumpa simu. Mwacheni kidogo. Baada ya muda mtamkuta anaunda gari la waya.

Neno la tahadhari. Uchovu wa saa moja si sawa na huzuni ya miezi. Mtu akikosa usingizi, akakosa hamu ya chakula na ya watu, asiachwe peke yake. Aongozwe kwenda zahanati.

KAZI YA NYUMBANI
Leo jioni keti robo saa bila la kufanya. Mwenye kazi nyingi nyumbani asaidiwe kwanza. Kisha andika sentensi mbili juu ya wazo lililokujia.

MASWALI YA KIKUNDI
1. Mvivu na mtu aliyekosa la kufanya wana tofauti gani?
2. Katika nyumba yako, nani hapati hata robo saa ya kukaa? Kazi gani aondolewe, na nani aifanye?

Sasa shikeni kalamu. Kwaherini, mpaka somo lijalo.