Chama, Ada na Ahadi: Maelezo juu ya Tovuti za Wanachama Walipao

Mara kwa mara wenzangu katika kazi ya lugha huniuliza kama yawezekana kuanzisha tovuti ambayo wasomaji wake wataitunza kwa ada zao wenyewe, pasipo kungojea mkono wa wafadhili. Swali hili si la biashara tu. Sisi tukusanyao maneno, tutungao kamusi na kuhifadhi hati za kale twajua vema jinsi kazi inavyosimama siku fungu la fedha linapokwisha. Mfadhili hulipia miaka mitatu, ilhali lugha haingoji mkataba mwingine utiwe sahihi. Nia ya makala haya ni kueleza jinsi tovuti ya namna hiyo inavyoanza, inavyokua na inavyoweza kufa. Nitatumia hasa mfano mmoja wa Uholanzi, ambao nilianza kuufuata mwaka 2013 nilipokuwa huko nikisomea shahada yangu ya udaktari. Nitajaribu pia kuonyesha kwamba mashina ya jambo hili hayako katika mitambo bali katika lugha: yako katika ahadi, na katika jinsi ahadi ilivyoeleweka na yule aliyeipokea.

Kwanza yafaa tuyachunguze maneno yenyewe. Mtu anunuaye kitabu dukani huitwa mnunuzi, na shughuli yake na mwenye duka huisha kitabu kinapotiwa mkononi mwake. Mwanachama ni mtu mwingine kabisa. Jina lake limeundwa kwa mwana na chama, kama vile mwananchi au mwanamaji, na huonyesha mtu aliye wa kitu fulani, wala si mtu aliyepita akachukua kitu akaenda zake. Kiholanzi nacho hutenga watu hawa wawili: alipiaye gazeti huitwa abonnee, lakini mwanachama huitwa lid, neno ambalo pia lina maana ya kiungo cha mwili. Neno letu ada nalo lina mafunzo. Limetoka katika Kiarabu likiwa na maana ya desturi, na katika Kiswahili likapata pia maana ya malipo yatolewayo kwa desturi. Kwa hiyo atoaye ada hatoi bei ya kitu. Atoa kile ambacho uanachama wake wamtaka atoe, naye hutazamia kwamba chama nacho kitatimiza wajibu wake kwake.

Desturi yenyewe si ngeni kwetu. Watu wa pwani walikuwa na kikoa, yaani kula pamoja kwa zamu, leo kwa huyu na kesho kwa yule. Walikuwa pia na kula bia, kila mtu akitoa sehemu yake ya gharama, na neno hili lisichanganywe na jina la kinywaji. Mpaka leo upatu huchezwa mijini na vijijini. Katika shirika za namna hii kila mtu huwajua wenziwe, huona kilichotolewa, na hujua ni lini zamu yake itafika. Mwanzilishi wa tovuti hana budi kujiuliza jinsi atakavyoyapata mambo hayo matatu kwa watu wasioonana uso kwa uso.

Wala huko Ulaya jambo hili halikuanza na intaneti. Zamani vitabu vingi vilichapishwa kwa fedha za watu waliolipa kabla kitabu hakijaandikwa. Mwaka 1756 Samuel Johnson (si Frederick Johnson, tumjuaye kwa kamusi ya Kiswahili ya mwaka 1939) alitangaza kwamba atatoa tamthilia zote za Shakespeare pamoja na maelezo, akapokea fedha za watu, akaahidi kwamba kazi itakuwa tayari kufikia Krismasi ya mwaka 1757. Kitabu kilitoka mwaka 1765. Hapana shaka kwamba waliolipa walipata kitabu chema, lakini katika miaka ile minane ya kungoja palikuwa na manung'uniko na hata dhihaka juu yake. Tukumbuke basi kwamba fedha ipokewayo kabla ya kazi ni deni, hata ikiwa mtoaji ameitoa kwa moyo mkunjufu.

Sasa tuutazame mfano wetu. Mwezi wa Machi 2013, Rob Wijnberg, aliyekuwa zamani mhariri wa gazeti la nrc.next, pamoja na wenzake walitangaza nia yao ya kuanzisha De Correspondent, jarida la intaneti lisilo na matangazo ya biashara. Hawakuijenga tovuti kwanza na kutafuta wasomaji baadaye. Walieleza wanayotaka kuyafanya, wakataka watu 15,000 walipe euro 60 kila mmoja kwa mwaka mmoja, na wakasema kazi itaanza ikiwa idadi hiyo itatimia. Ilitimia kwa siku nane. Kampeni ilipokwisha walikuwa na wanachama karibu 19,000 na zaidi ya euro milioni moja, na tovuti ikafunguliwa tarehe 30 Septemba 2013. Kufikia mwaka 2018 wanachama walikuwa wapata 60,000.

Mambo matatu yalisaidia ukuaji huo. La kwanza ni kwamba ahadi ilikuwa fupi, na mtu aliweza kuipima mwenyewe: hapana matangazo, na waandishi watachunguza mambo ya msingi badala ya kukimbilia habari za siku. La pili ni kwamba ukuta wa malipo ulikuwa na mlango. Mwanachama aliruhusiwa kumpelekea rafiki yake makala ayasome bure, na kwa njia hiyo kila mwanachama alikuwa pia mpiga mbiu. La tatu ni kwamba wanachama hawakuhesabiwa kuwa wasomaji tu. Mwandishi aliyekuwa akichunguza jambo la hospitali au la shule aliwaambia mapema, akawauliza waganga na walimu waliokuwamo miongoni mwao wanajua nini. Jambo hili la tatu latuhusu sana sisi. Kamusi ya Kiswahili ya intaneti iliyoanzishwa Yale mwaka 1994 ilikwisha kuonyesha kwamba wapenzi wa lugha walioko mbali wanaweza kuchangia maneno na maana kwa hiari yao. Mtu aliyechangia neno lake katika kamusi ana sababu ya kuitunza kuliko yule aliyepewa ruhusa tu ya kuitazama.

Waanzilishi wale walifanikiwa nyumbani kwao, wakatamani kwenda mbali. Kati ya mwezi wa Novemba na Desemba 2018 walifanya kampeni nyingine, safari hii kwa Kiingereza na kwa kuelekea Marekani hasa, ili waanzishe The Correspondent. Kila mtu aliruhusiwa kulipa kiasi alichopenda. Zilipatikana dola zipatazo milioni 2.6 kutoka kwa watu zaidi ya 45,000 katika nchi zaidi ya 100. Kwa hesabu ya siku ile ilikuwa ushindi mkubwa kuliko wa kwanza. Walakini mwezi wa Machi 2019 ilifahamika kwamba makao ya jarida yatabaki Amsterdam, na kwamba hapatakuwa na chumba cha habari Marekani. Wengi wa waliolipa walikuwa wameelewa vingine. Mzozo ukazuka: je, jambo hilo liliahidiwa, au watu walijidhania tu? Waanzilishi waliomba radhi, na tovuti ikafunguliwa tarehe 30 Septemba 2019. Mwezi wa Desemba 2020 wakatangaza kwamba wanaifunga, wakieleza kuwa imekuwa vigumu kuwashika wanachama katika mwaka ule wa ugonjwa wa korona. Ilifungwa mwanzoni mwa mwaka 2021, na ile ya Kiholanzi ikaendelea.

Mtu asiye mwanalugha aweza kusema kwamba tovuti ile iliuawa na korona, na bila shaka ugonjwa ulikuwa na sehemu yake. Lakini tukitazama kwa jicho letu twaona kwamba yalikuwapo mambo mengine mawili. Kwanza, maneno yaliyosemwa katika kampeni hayakulingana na maana iliyopokewa. Maana ya tamko haimo katika maneno peke yake, bali pia katika mahali linaposemewa, na nani alisemaye, na kwa ajili ya nani. Watu wanaoombwa fedha mjini New York, na kwa sauti za Wamarekani mashuhuri, ni haki yao kuelewa kwamba kazi itafanyika huko. Pili, wale 15,000 wa Uholanzi walikuwa na lugha moja, nchi moja na mabishano yao ya kila siku. Wanachama waliotawanyika katika nchi zaidi ya 100 walikuwa na Kiingereza tu cha kuwaunganisha, na ni vigumu kuwaandikia wote makala ambayo kila mmoja ataona kwamba ni yake. Idadi ilikuwa kubwa, lakini chama hakikuwapo bado.

Hapa yafaa nieleze hesabu ambayo waanzilishi wengi huisahau. Kila chama hupoteza watu, na tovuti hupoteza zaidi, maana kuondoka hakuna aibu. Napendekeza upotevu huu uitwe mpukutiko, kwa mfano wa majani ya mti. Tuseme tovuti ina wanachama 1,000, na kila mwezi watu 4 katika kila 100 wanaondoka. Asipoingia mtu mpya, baada ya miezi 12 watabaki wapata 613. Mpukutiko ukiwa ni watu 2 katika 100, watabaki wapata 785. Kwa hiyo mwenye tovuti ya kwanza atahitaji kupata watu 480 kwa mwaka ili tu abaki pale pale alipoanzia, na mwenye tovuti ya pili 240. Ndiyo sababu kumshika aliyemo kuna faida kuliko kumwita aliye nje, ingawa shangwe za uzinduzi humfanya mtu afikiri kinyume chake.

Katika nchi zetu hesabu hii ina jambo la ziada. Huko Uholanzi ada aghalabu hukatwa yenyewe katika akaunti ya benki, na mwanachama aliyesahau hubaki kuwa mwanachama. Kwetu, tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, fedha hupita katika simu, na kwa kawaida mlipaji mwenyewe ndiye abonyezaye namba yake ya siri kila mara anapolipa. Ijapokuwa njia za malipo ya kujirudia zimeanza kuonekana, desturi ya wengi bado ni hiyo. Ada ya kila mwezi, basi, ni sawa na kumwuliza mwanachama mara 12 kwa mwaka kama bado anakupenda. Kwa maoni yangu ni afadhali ada ya mwaka mzima, ilipwe katika majira yanayojulikana, na kabla ya siku hiyo mwanachama apelekewe taarifa fupi ya kazi iliyofanywa kwa fedha yake ya mwaka uliopita.

Tukiyakusanya haya yote, njia ya mwanzilishi si ya giza. Na achague kazi moja ambayo watu huihitaji tena na tena, mathalani maneno mapya ya fani zao, wala si hazina ambayo mtu huichota mara moja akamaliza. Na aiandike ahadi yake kwa sentensi chache, kisha awape watu kumi wasiomjua waisome na waeleze kwa maneno yao wameelewa nini. Pale ambapo maelezo yao yatatofautiana na nia yake, na abadilishe sentensi, asiwalaumu wasomaji. Na ataje pia kile ambacho hatakifanya. Na awahesabu walio tayari kulipa kabla ya kujenga, na arudishe fedha yao idadi isipotimia. Na aache mlango wazi kwa msomaji asiye na fedha, hasa mwanafunzi na mwalimu wa kijijini, kwa maana lugha ni mali ya wote, na kamusi iliyofungiwa ndani ya ukuta haiwezi kusanifisha neno lolote.

Tena asiione haya kuanza kwa udogo. Tuseme watu 300 wanatoa shilingi 20,000 za Tanzania kila mwaka: jumla yake ni shilingi 6,000,000. Fedha hiyo haitoshi kuajiri wahariri, lakini yatosha kulipia mtambo na kumpa posho mwanafunzi wa kuingiza maneno, na hakuna mkataba wa mtu wa nje uwezao kuikomesha. Wakiongezeka, na waongezeke kwa kadiri ahadi inavyoweza kutimizwa. Waholanzi wale walikuwa na fedha, ujuzi na jina jema, wala hakuna ajuaye kama sisi tungefanya vizuri zaidi. Lakini tunalo moja ambalo The Correspondent haikuwa nalo: wasomaji wetu, wawe Lamu, Bujumbura, Muscat au Leiden, tayari wanashiriki lugha moja waliyoichagua na wanayoibishania. Chama, kwa maana hiyo, kipo. Linalongojewa ni mtu wa kuandika ahadi ambayo kila mmoja wao ataielewa namna moja.