Jenerali Aliyehesabu Watu

Kila jioni jeshini kuna mtu ambaye lazima ajue wamebaki wangapi: wazima, majeruhi, na wale ambao hawajarudi. Asipojua, chakula hakitatosha, risasi zitapelekwa kusikohitajika, na jenerali atapanga mapigano ya kesho akitegemea watu waliokwisha kuzikwa. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kazi hiyo katika Kikosi Kikuu cha Pili cha jeshi la Kaskazini ilikuwa ya kijana wa Boston, Francis Amasa Walker. Anastahili sura nzima katika kitabu hiki, kwa sababu takwimu alijifunza mahali ambapo hesabu mbaya ilikuwa na gharama ya damu.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1840. Baba yake, Amasa Walker, alikuwa mwanauchumi, kwa hiyo mazungumzo ya fedha na biashara aliyasikia tangu utotoni. Alihitimu Chuo cha Amherst mwaka 1860, na mwaka uliofuata akaingia jeshini akiwa sajini meja. Alipanda haraka, lakini upande wa ofisi: barua, amri, orodha za watu. Ofisi hiyo haikuwa mbali na mizinga. Mei 1863, huko Chancellorsville, mkono wake ulivunjwavunjwa vitani. Agosti 1864 alitekwa Reams's Station na kufungwa katika jela ya Libby, mjini Richmond. Alitoka humo akiwa na afya mbovu, na vita vilipokwisha alikuwa na cheo cha heshima cha brigedia jenerali, hajatimiza hata miaka 25.

Alifundisha Kilatini na Kigiriki, akaandika magazetini, kisha akaajiriwa katika ofisi ya takwimu ya serikali. Mwaka 1870, akiwa na miaka 29, alikabidhiwa sensa ya tisa ya Marekani.

Hii haikuwa sensa ya kawaida. Katika sensa za 1850 na 1860 watumwa waliandikwa chini ya jina la bwana wao: umri, jinsia, rangi, basi. Majina yao hayakuandikwa. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika waliokuwa watumwa kwa majina yao, nchi nzima, kama watu wengine wote. Hadi leo mamilioni ya Wamarekani weusi wanaotafuta mababu zao huanzia hapo, na nyuma ya mwaka huo njia hufifia.

Lakini Walker alipewa kazi bila kupewa nyenzo. Bunge lilikataa sheria mpya, kwa hiyo ilibidi atumie ile ya 1850, iliyowakabidhi kazi maofisa wa mahakama za shirikisho. Makarani waliopita nyumba kwa nyumba hakuwachagua yeye, wala hakuweza kuwafukuza. Kusini, ambako vita vilikuwa vimeacha uhasama na barabara mbovu, watu wengi hawakufikiwa. Jumla iliyotangazwa ilikuwa 38,558,371. Miaka ishirini baadaye ofisi ya sensa yenyewe ilikadiria kwamba zaidi ya watu milioni 1.2 wa Kusini waliachwa. Walker hakuificha kasoro. Aliilaumu sheria hadharani, na bidii yake ikazaa sheria ya 1879: wasimamizi maalumu wa sensa, makarani wanaowajibika kwao, wanawake kuruhusiwa kuwa makarani kwa mara ya kwanza, na muda mfupi wa kuhesabu, wiki mbili tu katika miji mikubwa. Chini ya sheria hiyo aliongoza sensa ya 1880. Nadhani huo ndio mchango wake mkubwa kuliko vyote.

Katikati ya sensa hizo mbili alifundisha Yale, na mwaka 1876 akatoa kitabu kuhusu ujira. Wachumi wengi wa Uingereza walikuwa wamefundisha kwamba ujira hutoka kwenye mfuko wa mtaji uliokwisha kuwekwa akiba. Mfuko una kiasi chake, kwa hiyo wafanyakazi wakidai zaidi watanyang'anyana wenyewe kwa wenyewe. Walker alikataa. Mwajiri humwajiri mtu kwa sababu ya kile atakachozalisha, na kipimo cha ujira ni mazao ya kazi yenyewe. Kibarua wa shamba anayelipwa baada ya mavuno analielewa jambo hili bila kusoma kitabu. Kazi ikizaa zaidi, ujira unaweza kupanda bila kumpokonya mwingine. Hoja hiyo ilisaidia kuizika nadharia ya mfuko, na mwaka 1885 wenzake walimfanya rais wa kwanza wa Chama cha Wanauchumi cha Marekani.

Mwaka 1881 alichaguliwa kuwa rais wa MIT, wakati huo chuo kidogo cha Boston chenye wanafunzi kama 300. Mwanzilishi wake, William Barton Rogers, alianguka na kufa jukwaani akihutubia mahafali ya Mei 1882, na mzigo wote ukabaki kwa Walker. Chini yake yalianza masomo ya uhandisi wa umeme na uhandisi wa kemikali, na wanafunzi wakafika takribani 1,200. Alimwalika pia kijana aliyefanya kazi katika sensa ya 1880, Herman Hollerith, aje kufundisha. Hollerith ndiye aliyeunda mashine ya kadi zenye matundu iliyojumlisha sensa ya 1890, na kampuni yake baadaye ikawa sehemu ya IBM. Katikati ya shughuli hizo Walker alipata muda wa kuandika historia ya Kikosi Kikuu cha Pili, iliyotoka 1886.

Mwishoni alikosea vibaya. Mwaka 1896 aliandika makala akitaka wahamiaji kutoka kusini na mashariki ya Ulaya wazuiwe, akiwaita watu wa asili dhaifu na kudai kwamba kuja kwao ndiko kulikowafanya wenyeji wazae watoto wachache. Lakini uzazi nchini Marekani ulikuwa umeanza kushuka mapema katika karne ile, kabla ya wimbi kubwa la wahamiaji, na Ufaransa pia ulikuwa ukishuka. Aliona mambo mawili yakitokea pamoja akafanya moja kuwa chanzo cha jingine, kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekatwa alama. Hoja yake ilirudiwa na waliotaka kufunga milango, na sheria ya 1924 ikaifunga.

Walker alifariki ghafla tarehe 5 Januari 1897, akiwa na miaka 56, bado rais wa chuo. Kwa sensa zake anastahili heshima kamili. Kwa makala ile ya 1896 hana utetezi, kwa kuwa takwimu alizozihitaji kujisahihisha zilikuwa mezani pake, na nyingi alizikusanya yeye mwenyewe.