Msongo wa Mawazo katika Kazi za Ujenzi na Wajibu wa Vyama

Kondoa hupata mvua za msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili. Alizeti, ufuta na mbaazi zikishavunwa na kupimwa chamani, wanachama wengi, hasa vijana, huondoka kwenda kutafuta kibarua. Zamani safari hiyo ilikuwa ya taabu. Tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilomita 251, ilipozinduliwa Aprili 2018, mtu huondoka Kondoa alfajiri na kabla ya adhuhuri amekwisha fika Dodoma. Huko kazi ipo. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ulitolewa mwaka 1973, lakini Serikali ilianza kuhamia kwa dhati baada ya tangazo la mwaka 2016, na tangu hapo mji umekuwa uwanja mkubwa wa ujenzi: Mji wa Serikali wa Mtumba, reli ya kisasa, barabara ya mzunguko wa nje yenye kilomita 112.3, na nyumba za watu binafsi zisizo na idadi.

Mwanachama anayerudi kutoka huko huweza kurudi na fedha, au na kidonda cha msumari. Aghalabu hurudi pia na jambo lisiloonekana, nalo ndilo linaloelezwa hapa.

Msongo wa mawazo si wazimu, wala si uvivu. Ni hali inayompata mtu pale mzigo wa kazi na maisha unapozidi nguvu alizonazo, kwa muda mrefu, bila nafasi ya kupumzika. Mwili wa mwanadamu umeumbwa kukabili hatari ya ghafula: moyo hupiga mbio, misuli hukaza, usingizi hupotea. Hatari ikipita, mwili hutulia. Ikiwa haipiti, mwili hubaki umekaza mwezi baada ya mwezi, na hapo ndipo huzaliwa maradhi ya moyo, wasiwasi usiokwisha na sonona. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kwamba wafanyao kazi saa 55 au zaidi kwa juma huwa katika hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 kuliko wenzao wafanyao saa 35 hadi 40.

Kazi ya ujenzi ina mambo yake. Mafundi husema "zege hailali", na ni kweli: zege iliyokwisha changanywa haiwezi kungoja kesho, kwa hiyo siku ya kumwaga sakafu watu hufanya kazi mpaka usiku. Hilo halina ubaya likiwa la siku moja. Ubaya huja nyapara anapolifanya neno hilo kuwa sheria ya kila siku, hata siku ya kupanga tofali. Tena kuna hatari ya jukwaa la miti lililofungwa kwa kamba, na aliyemwona mwenzake akianguka hupanda tena kesho yake huku miguu ikitetemeka, pasipo mtu wa kumwambia hofu yake.

Lakini linalosumbua akili kuliko yote ni malipo. Fedha ya ujenzi hushuka kama maji ya mfereji: hutoka kwa mwenye jengo, hupita kwa mkandarasi, kwa mkandarasi mdogo, kwa fundi mkuu, na mwisho ndipo humfikia saidia fundi aliyebeba ndoo. Kila anayepitiwa hukinga kwanza shamba lake. Mwenye jengo akichelewa mwezi mmoja, wa mwisho hungoja miwili. Katika muda huo hudaiwa kodi ya chumba na mama lishe, na nyumbani hungojewa ada ya mtoto. Hajui kama alipwe ndipo aondoke, au aondoke apoteze alichokwisha kufanyia kazi. Kutojua huko huchosha kuliko kubeba mifuko ya saruji. Wengi hujipoza kwa pombe, ambayo huleta usingizi mbovu na deni jingine.

Dalili zake hazijifichi kwa anayetazama. Mtu mcheshi hunyamaza, au mpole huwa mkali kwa jambo dogo. Huamka usiku wa manane, hula kidogo, hukosea vipimo alivyovizoea, husema kwamba hana faida kwa watu wake. Neno hili la mwisho lisipuuzwe kamwe. Takwimu za Uingereza za miaka ya 2011 hadi 2015 zilionyesha kwamba vibarua wanaume wasio na ujuzi maalumu, hasa wa ujenzi, walijiua mara tatu zaidi ya wastani wa wanaume wa nchi hiyo. Mtu akisema maneno ya namna hiyo, asiachwe peke yake, aulizwe waziwazi bila kukemewa, na asindikizwe hospitali siku hiyohiyo.

Matibabu yapo. Mahali pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya, kisha Hospitali ya Kondoa. Mirembe ya Dodoma, iliyoanzishwa mwaka 1927, imetiwa jina baya na mizaha ya mitaani, hata watu huogopa kulitaja. Mizaha hiyo imewadhuru wengi. Sonona hutibika, na wengi hutibiwa pasipo kulazwa.

Sasa, chama kinaingiaje? Kwanza, chama chenyewe ni mwajiri kinapojenga ghala au ofisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa juma, zisizozidi 9 kwa siku. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, nazo hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nayo inalihusu jengo la chama kama inavyohusu ghorofa la Dodoma. Bodi isianze msingi kabla fedha ya vibarua haijatengwa. Katika mkataba na fundi mkuu kiandikwe kifungu kwamba vibarua watalipwa kila Jumamosi, kwa orodha iliyotiwa sahihi mbele ya katibu, na kwamba hundi ya awamu inayofuata haitatolewa kabla orodha hiyo haijaonekana.

Pili ni madeni. Mwanachama wa SACCOS aliyekopa kwa kutegemea kibarua asipangiwe marejesho sawasawa na mwenye mshahara. Akichelewa, katibu amwite faraghani amsikilize. Kuahirisha marejesho kwa azimio la bodi kunaruhusiwa pale masharti ya chama yanapotoa nafasi hiyo. Kusoma majina ya wadaiwa mbele ya mkutano mkuu, kama ifanyikavyo mahali pengine, hakuongezi fedha sandukuni, na humfukuza chamani mtu ambaye angelipa baada ya mavuno.

Tatu, kabla vijana hawajaondoka mwezi Julai au Agosti, katibu aandike katika daftari jina la kila anayekwenda, mahali aendako, na namba ya simu ya ndugu wa kuarifiwa.