Fahamu Saratani ya Jicho kwa Watoto, Mng'ao Mweupe Kwenye Mboni Usipuuzwe

Mzazi au mlezi wa Kasanga, wilayani Kalambo mkoani Rukwa, akiona mng'ao mweupe katika mboni ya jicho la mtoto, hasa kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa simu, asisubiri. Hiyo yaweza kuwa dalili ya retinoblastoma, saratani inayoanzia kwenye retina, yaani utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga. Huwapata zaidi watoto wenye umri chini ya miaka mitano.

Dalili nyingine ni makengeza na jicho kuwa jekundu au kuvimba. Ugonjwa huu hautokani na kurogwa, bali na hitilafu katika jeni iitwayo RB1, ambayo wakati mwingine hurithiwa. Hivyo ndugu wa mgonjwa nao wachunguzwe.

Daktari bingwa humpa mtoto dawa ya usingizi, hupanua mboni kwa dawa ya matone na kuichunguza retina. Uvimbe mdogo hutibiwa kwa leza, kugandishwa au dawa za saratani. Ukiwa mkubwa, jicho huondolewa ili kuokoa uhai, na mtoto huwekewa jicho bandia.

Kutoka Kasanga hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 100, na Hospitali ya Taifa Muhimbili inayotibu saratani za watoto ipo Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo, mzazi aanzie kituo cha afya kilicho karibu na kuomba rufaa mapema. Saratani ikigunduliwa ingali ndani ya jicho, watoto wengi hupona. Ikifika kwenye ubongo, kupona huwa kugumu.