Nani Ana Ruhusa ya Kukata Mti?



Wengi wetu mbao ndizo zinatulipia masomo: baba anauza karatusi za vilima vya Butembo, ao kaka anashinda na mashine porini upande wa Beni. Sisi wa mwaka wa mwisho, wengine tutashika kazi hiyohiyo. Basi tuelewe sheria.

Sheria ya misitu namba 011/2002, ya tarehe 29 Agosti 2002, inasema mti ulio ndani ya shamba la mtu ni mali yake. Lakini msitu wa wenyeji ni jambo lingine. Wenyeji wanaweza kuukata wao wenyewe, ao kwa mkono wa mkataji mwingine, huku wakubwa wa misitu wakiangalia. Mkataji huyo anatakiwa kwanza agrema, ni kusema cheti cha kazi, kutoka kwa Gavana wa Jimbo. Tena anatakiwa mapatano na wenyeji, yaliyoandikwa.

Kwa hiyo mbuzi na chumvi kwa mzee wa kijiji si mapatano. Na agrema peke yake haitoshi, kama wenyeji hawajakubali.

Juu ya nini karatasi? Kwa sababu neno la mdomo linakufa pamoja na aliyelisema. Mbao zinapita Kasindi, watoto wanabaki na visiki, na shule waliyoahidiwa haiko.

Tukirudi kwetu likizoni, tuulize kwa heshima: karatasi iko wapi?