Fizi: Kwa kifaa cha kuonya mafuriko, chipu yenye nguvu nyingi si lazima iwe ndiyo nzuri

Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Mei 2025, mto Kasaba ulifurika katika sekta ya Ngandja, wilaya ya Fizi, Kivu Kusini. Watu zaidi ya 60 walikufa kufuatana na hesabu ya kwanza ya viongozi. Kijiji hicho kinafikiwa kwa njia ya ziwa tu na hakina mtandao wa simu. Hakuna ujumbe ambao ungeweza kutangulia maji.

Lweba nayo, kama vijiji vingine vya kando ya Ziwa Tanganyika, iko chini ya milima, na mvua inayonyesha kule juu inafika kwa wakaaji ikiwa mto. Kifaa cha kupima maji na kupiga sireni kinaweza kutengenezwa na fundi wa redio ama wa simu. Anahitaji kielea, batri, paneli ndogo ya jua, sireni na chipu ya kuongoza vyote. Chipu ndiyo inaamua kama kifaa kitamaliza msimu wa mvua ama kitazimika siku ya tatu.

Chipu ya namna hii mafundi wanaiita SoC. Ndani ya kipande kimoja kidogo kuna prosesa inayofanya hesabu, memori, miguu ya kuungia waya, na mara nyingi redio. Kila simu inayo. Simu ya kubonyeza inakaa siku kadhaa bila kuchajiwa, lakini simu kubwa ya kugusa inazimika jioni. Kioo ni sababu moja, na chipu yenye kazi nyingi ni sababu nyingine.

Hesabu ya kwanza ni ya umeme. Raspberry Pi 4, ambayo ni kompyuta kamili juu ya bodi ndogo, inakula karibu wati 3 hata ikikaa bila kazi. Kwa saa 24 ni watisaa 72. Paneli ya wati 10, ikipata saa 5 za jua kali, inatoa watisaa 50 tu, na siku ya mawingu inatoa chini zaidi. Lakini siku za mawingu ndizo za mafuriko.

ESP32, ya kampuni Espressif ya China, haina nguvu hiyo, lakini inajua kulala. Katika usingizi mzito chipu yenyewe inakula mikroampea 10 hivi. Ikiamka sekunde 2 kila dakika 5, kwa siku nzima inafanya kazi dakika zisizofika 10. Tena waya wa kielea unaweza kuiamsha mara moja maji yakipanda, hata saa nane za usiku.

Hesabu ya pili ni ya umbali. ESP32 ina Wi-Fi na Bluetooth, ambazo hazifiki mbali. Pasipo mtandao wa simu, redio ya LoRa inaweza kupeleka ujumbe mfupi kilomita kadhaa kwa umeme kidogo, mradi kilima kisizibe njia. Redio hiyo inaungwa pembeni ya ESP32. Chipu STM32WL ya STMicroelectronics inayo ndani tayari.

Kuna mtego mmoja. Mikroampea 10 ni za chipu peke yake. Bodi nyingi za bei nafuu zina taa inayowaka daima na vipande vingine vinavyokula mara mia zaidi. Fundi apime umeme wa bodi nzima ikiwa imelala, asiamini karatasi ya chipu tu.

Raspberry Pi inafaa pale kunapohitajika kamera ama kuhifadhi habari nyingi, na pale umeme haukatiki. Kando ya mto, kazi ni swali moja tu: maji yamefika alama ama bado? Kwa swali hilo, chipu ndogo inatosha. Kilichobaki ni kumwaga ndoo ya maji kwenye kielea kabla ya mvua za Septemba, na kuhakikisha kwamba sireni inasikika hadi nyumba ya mwisho.